Kiroboto Arukaye: Habari za Watu Waliojiundia Eropleni Nyumbani

Wasikilizaji wetu, mtu akiambiwa ya kuwa jirani yake anaunda eropleni katika banda la nyuma ya nyumba, huenda akacheka. Lakini huko Marekani, Uingereza na Ufaransa wako maelfu ya watu waliofanya kazi hiyo, wala wengi wao si mafundi wa viwanda vya ndege. Mtu hununua michoro, au sanduku lenye vipande vilivyokatwa tayari, kisha huviunga mwenyewe jioni baada ya kazi yake, mwaka hata mwaka. Sheria ya Marekani yataka waundaji wenyewe wafanye zaidi ya nusu ya kazi, kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha. Katika muda mrefu namna hiyo hapana fundi asiyekosea. Twataka kueleza jinsi makosa hayo yanavyotengenezwa, na zaidi twataka kusimulia habari za kosa moja ambalo fundi mwenye mikono mizuri kabisa hakuweza kuliona.

Hata eropleni ya Mabwana Wilbur na Orville Wright iliundwa na watu wa namna hiyo. Ndugu hao walikuwa watengenezaji wa baiskeli mjini Dayton, Marekani. Mwaka 1903 walipeleka vipande vya chombo chao mpaka pwani yenye mchanga na upepo karibu na Kitty Hawk, wakaviunga huko. Walipowasha injini, magurudumu ya minyororo yakalegea katika mihimili ya rafadha, yaani zile panka zisukumazo chombo. Wakayashika kwa gundi ya mipira ya baiskeli, nayo ikafaa. Lakini mhimili mmoja, uliofanyizwa kwa bomba la chuma, ukaingia ufa. Kwa ufa wa namna hiyo gundi haina kazi. Orville akarudi Dayton, akafanyiza mihimili mingine ya chuma kisicho na uwazi ndani, akafika tena kambini tarehe 11 Desemba. Tarehe 14 Wilbur akajaribu kuruka, akainua pua mno, chombo kikaanguka na kuvunjika sehemu ya mbele. Wakatengeneza tena. Tarehe 17 Desemba wakaruka mara nne, na safari ya mwisho ilidumu sekunde 59. Tazama walivyopambanua: kilicholegea walikikaza, kilichopasuka walikitupa.

Sasa tufike kwa Mfaransa Henri Mignet, aliyezaliwa mwaka 1893. Alipenda kuruka tangu ujana wake, lakini eropleni za kawaida zilimsumbua, kwa kuwa rubani hana budi kutumia mikono na miguu kwa mapatano, na mapatano hayo yalimshinda. Akaazimia kubuni chombo chepesi ambacho mtu yeyote aweza kukiunda na kukirusha. Mwezi wa Septemba 1933 chombo hicho kikaruka. Kilikuwa na mabawa mawili, moja mbele juu ya kichwa cha rubani, na la pili nyuma yake, chini kidogo. Urefu wake ulikuwa kama mita 3 na nusu tu, na upana wa bawa la mbele kama mita 6. Hapakuwa na kitu cha kukanyaga kwa miguu. Palikuwa na fimbo moja: ukiisogeza kulia au kushoto, usukani wa nyuma ulizunguka, ukiivuta kwako, bawa zima la mbele lilipinda likakinga upepo zaidi, na pua ikainuka. Mignet akakiita Pou-du-Ciel, maana yake chawa wa angani. Waingereza wakakiita kiroboto arukaye.

Mwaka 1934 akatoa kitabu chenye michoro na maelezo yote, na mwaka 1935 kikafasiriwa kwa Kiingereza. Aliwaambia watu kwamba awezaye kupigilia sanduku la mbao aweza kuunda ndege. Maneno hayo yaliwaingia watu moyoni, maana siku zile eropleni ilikuwa chombo cha matajiri, na hapa palikuwa na ndege ya mbao, kitambaa na gundi, yenye injini ya namna ya pikipiki. Wengine walitia injini ya motokaa ya Ford iliyogeuzwa. Mwezi wa Julai 1935 Bwana Stephen Appleby akarusha kiroboto chake huko Heston, Uingereza, na mwezi wa Agosti Mignet mwenyewe akavuka bahari kutoka Ufaransa kwa chombo chake kidogo. Katika mabanda mengi randa na misumeno ikasikika usiku.

Ndipo mauti yakaanza. Katika mwaka 1936 viroboto vikaanguka kimoja baada ya kingine, na habari yao ilifanana: pua iliinama, chombo kikashuka kwa kichwa, wala hakikuinuka tena. Mmoja wa waliokufa Uingereza alikuwa ofisa wa jeshi la anga, mtu aliyejua kuruka. Ni desturi yetu wanadamu kumlaumu fundi kwanza: pengine gundi haikukauka, pengine waya ulikatika, pengine rubani alishikwa na hofu. Na kweli, chombo kilichoundwa bandani chaweza kuwa na ila hizo zote. Lakini kama ila ni ya mkono wa mtu mmoja, mbona watu wasiojuana, katika nchi mbalimbali, wafe kifo kimoja?

Wataalamu wakachukua kiroboto kizima, si mfano mdogo, wakakitia katika handaki la upepo, yaani chumba kikubwa ambamo panka huvumisha hewa kwa nguvu juu ya chombo kilichofungwa imara. Lilifanyika hivyo Farnborough, Uingereza, na Chalais-Meudon, Ufaransa. Jambo walilolivumbua ni la kutisha. Mabawa mawili yalikaribiana mno. Pua ikiisha kuinama sana, rubani huvuta fimbo kama alivyofundishwa, na bawa la mbele hupinda; lakini ukingo wake wa nyuma hukaribia bawa la pili, na hewa ipitayo katika mwanya ule mwembamba huongeza nguvu ya bawa la nyuma. Mkia huinuliwa, na pua huzidi kuinama. Kwa hiyo kadiri rubani alivyovuta fimbo ili aokoke, ndivyo alivyojisukuma chini. Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta ulikuwa mzima, na ufa ulikuwa katika mchoro. Aliyefuata kitabu kwa uaminifu kabisa aliunda na hatari ile pamoja.

Serikali ya Uingereza ikaacha kutoa ruhusa za kuvirusha. Mignet hakukata tamaa: alibadili umbo la mabawa na nafasi iliyo kati yake, akaendelea kubuni vyombo vingine mpaka alipokufa mwaka 1965. Viroboto vya namna iliyotengenezwa vingali vinaunda­wa na kurushwa na wapenzi wake.

Makosa ya mikono yana dawa zake, na dawa hizo zataka uvumilivu kuliko nguvu. Seremala wa ndege akiunga mbao mbili za boriti ya bawa, huzikata mshazari mrefu, unene mmoja kwa urefu wa mara kumi na mbili, ili gundi ipate mahali papana pa kushika. Gundi ileile huijaribu kwanza katika vipande vya ovyo, kisha huvivunja: mti ukichanika, gundi ni njema; kiungo kikiachana kisafi, kazi hiyo irudiwe. Katika ndege za bati, vipande hushikwa kwa ribiti. Ribiti iliyopindika hutobolewa kichwani tu, kisha mwili wake husukumwa nje polepole. Tundu likipanuka, hutiwa ribiti iliyo nene zaidi, mradi kitovu cha tundu kiwe mbali na ukingo wa bati si chini ya mara mbili ya unene wa ribiti. Na mafundi wenye busara husema ya kuwa ribiti mbaya kidogo mara nyingine yafaa kuachwa, maana mwenye kuing'oa kwa pupa huharibu bati lililokuwa zima.

Lakini kosa la namna ya kiroboto, lile lijalo pamoja na mzigo, lilirudi tena katika siku zetu. Mwaka 2023 kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, ambayo ndege zake zaidi ya 10,000 zimekwisha kuundwa na kurushwa na wenyewe, ilitangaza ya kuwa matundu ya baadhi ya vipande vyake yalikatwa kwa mwali wa leza, nayo yaweza kufanya nyufa ndogo yanapobonyezwa ili kupokea vichwa vya ribiti. Mwezi wa Desemba mwaka ule kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama juu ya madeni yake. Vipande vikajaribiwa, kisha waundaji wakaambiwa vipi vibadilishwe na vipi vyaweza kubaki. Aliyekuwa na vipande sandukuni alivirudisha rafuni. Aliyekwisha kufunga bawa lake alisimama mbele yake na keekee mkononi, akihesabu ribiti.