Kodi ya Zuio: Utaratibu Uliopewa Jina la Kodi

Kodi ya zuio ni istilahi inayotumika Tanzania kutaja sehemu ya malipo ambayo mlipaji huikata kabla fedha hazijamfikia mlipwaji, kisha akaiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa niaba ya huyo aliyekatwa. Neno zuio limezoeleka zaidi mahakamani, ambako ni amri ya kumkataza mtu kutenda jambo. Kwenye kodi kinachozuiwa ni fedha, na anayeizuia ni mwajiri, benki, kampuni au mpangaji. Kwa kuwa istilahi yenyewe inaanza na neno kodi, wengi hudhani kwamba ipo kodi ya mapato na ipo nyingine ya pili iitwayo zuio. Dhana hiyo si sahihi, kwa sababu kodi ni ileile ya mapato, na zuio ni njia tu ya kuikusanya pale fedha inapochomoza.

Njia hii ina umri mkubwa. William Pitt alipoanzisha kodi ya mapato Uingereza mwaka 1799, alitegemea kila mtu ajitajie kipato chake, na wengi wakakificha. Mwaka 1803 Henry Addington aliagiza kodi ya mapato mengi ikatwe kwenye chanzo, na ingawa kiwango kilipunguzwa kwa nusu, makusanyo hayakushuka kwa kadiri hiyo. Tanzania msingi wake leo ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ambayo hutumika Bara na Zanzibar kwa kuwa kodi ya mapato ni jambo la Muungano, pamoja na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015.

Sura inayofahamika zaidi ya zuio ni makato ya mshahara, yanayoitwa Lipa Kadiri Unavyopata, ingawa maofisini karibu kila mtu husema PAYE. Kwa viwango vya Bara vilivyoanza Julai 2021, mfanyakazi ambaye mapato yake ya mwezi yanayotozwa kodi ni shilingi 600,000 hakatwi chochote kwenye 270,000 za kwanza, hukatwa asilimia 8 ya 250,000 zinazofuata na asilimia 20 ya 80,000 zilizosalia, jumla shilingi 36,000, ambazo mwajiri anatakiwa kuziwasilisha ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Mwajiri anayezitumia fedha hizo kuendeshea biashara yake anatumia fedha isiyo yake, na sheria humdai yeye hata kama hakuzikata kabisa.

Ugumu wa istilahi huanzia kwenye tofauti kati ya zuio la mwisho na zuio lisilo la mwisho. La mwisho hufunga hesabu: mtu binafsi mkazi anayepata gawio la hisa au riba ya amana benki hukatwa, na hadaiwi tena kodi juu ya kipato hicho. Lisilo la mwisho ni malipo ya awali tu. Mshauri mkazi anayelipwa na kampuni shilingi 2,000,000 kwa huduma ya kitaalamu hukatwa asilimia 5, yaani 100,000, na ikiwa mwisho wa mwaka kodi yake yote ni 260,000, hudaiwa 160,000 zilizobaki. Asiyejua tofauti hii hulipa mara mbili au hujiona amemaliza wakati bado anadaiwa, na kwa hili jina kodi ya zuio halimsaidii hata kidogo, kwani halionyeshi kama mlango umefungwa au umeachwa wazi.

Kwenye upangaji Kiswahili chenyewe huongeza utata, maana kodi ni tozo ya serikali na ni pango pia, hata mtu akaambiwa akate kodi kwenye kodi. (Kenya tatizo hilo ni dogo kidogo, kwa kuwa wengi huko huiita tozo ya serikali ushuru, neno ambalo Tanzania limebaki zaidi kwa forodha na bidhaa.) Pango likiwa shilingi 500,000 na mpangaji akiwa na wajibu wa kuzuia asilimia 10, humpa mwenye nyumba 450,000 na kupeleka TRA 50,000. Wenye nyumba wengi hushikilia kwamba lazima 500,000 kamili ziwafikie mkononi. Ili hilo litimie, pango halisi linapaswa kuwa takriban 555,556, na mzigo ambao sheria ilimkusudia mwenye kipato unahamia kwa mpangaji.

Kodi ya mapato iliyozuiwa lingekuwa jina refu lakini la kweli zaidi, kwa kuwa linataja kodi yenyewe kwanza na njia ya kuikusanya baadaye. Hata hivyo kodi ya zuio limekwishaingia kwenye fomu, mikataba na vinywa vya wahasibu, na kuling'oa sasa kungeleta vurugu kuliko faida. Kinachofaa ni nyaraka za makato zitamke waziwazi kama zuio ni la mwisho au la. Naye aliyekatwa na adai cheti cha kodi ya zuio mara tu anapolipwa, kwa kuwa ndicho uthibitisho wake kwamba fedha iliyokatwa ilikatwa kwa jina lake.