Viwakilishi virejeshi vya Kiingereza

Viwakilishi virejeshi vya Kiingereza ni maneno kama "who", "whom", "whose", "which" na "that", yanayounganisha nomino na kishazi kinachoieleza. Kwa Kiswahili kazi hiyo hufanywa na "amba-" au kirejeshi kilichomo ndani ya kitenzi, kama "mvuvi aliyekuja".

Nchini Tanzania hupimwa sana katika mitihani ya sekondari, ambako Kiingereza ni somo na pia lugha ya kufundishia masomo mengi. Mtahiniwa hujaza nafasi, au huunganisha sentensi mbili kwa neno alilopewa.

Kukariri kwamba "who" ni ya mtu na "which" ni ya kitu hakutoshi. "Amba-" hufuata ngeli ya nomino iliyotangulia tu: "mvuvi ambaye anauza", "mvuvi ambaye nilimwona". Kiingereza huangalia pia kazi ya neno ndani ya kishazi chake, hivyo jibu mara nyingi liko mbele ya nafasi iliyoachwa. Kikifuata kitenzi, ni "the fisherman who sells fish". Kikifuata kiima kingine, ni "the fisherman whom I saw". Katika mazungumzo wengi husema "who", lakini kwenye mtihani "whom" ni salama zaidi. Ikifuata nomino ya kitu kinachomilikiwa, ni "the fisherman whose boat sank". Kiswahili husema "ambaye mtumbwi wake ulizama", ndiyo maana wanafunzi huandika "who his boat sank". Vivyo hivyo, "-mw-" ya "niliyemwona" huzaa "whom I saw him". "Whose" hutumika hata kwa vitu: "a boat whose engine is old".

Kando ya Ziwa Viktoria, mfano mzuri ni samaki. Sangara na sato huchukua upatanisho wa viumbe hai, yaani "sangara ambaye". Kiingereza husema "the fish which" au "the fish that".

"Which" na "that" zikiwa zote kwenye machaguo, tazama mkato. Katika "MV Bukoba, which sank in 1996, was a ferry", meli imekwisha kujulikana kwa jina na kishazi kinaongeza habari tu, kwa hiyo "that" haifai. Haifai pia baada ya kihusishi: "mtumbwi ambamo walilala" ni "the boat in which they slept", si "in that".