WOW 1996: Nyimbo 30 za Kikristo kwa bei nafuu

Mwishoni mwa mwaka 1995 wanunuzi wa muziki nchini Marekani walikuta madukani kasha lenye diski mbili, na juu yake jina la herufi tatu likifuatwa na mwaka: WOW 1996. Neno hilo ni sauti ya mshangao katika Kiingereza, mfano wa Mswahili asemapo "Lo!". Ndani yake mlikuwa na nyimbo 30 za wasanii wa Kikristo waliovuma mwaka ule, na bei haikupishana sana na ile ya albamu ya kawaida yenye diski moja. Mwaka ulioandikwa kwenye jalada ulikuwa bado haujaanza. Biashara ya magari hufanya vivyo hivyo, na kwa kuwa Krismasi ilikuwa karibu, hakuna aliyelalamika.

Karibu nyimbo zote zilikuwa zimekwisha kutoka katika albamu nyingine. Lililokuwa geni ni waliokubaliana kuziweka pamoja. Makundi matatu makubwa ya kurekodi muziki wa Kikristo, yale yaliyokuja kujulikana kwa majina ya EMI Christian Music Group, Word na Provident, yalikuwa yakigombea wasanii walewale, vituo vya redio vilevile na wateja walewale, na yote yalikuwa na shughuli zake katika eneo la Nashville, jimbo la Tennessee. Kwa mradi huu yalikubali kuchanga nyimbo zao bora, kuziuza chini ya jina moja na kugawana mapato. Makubaliano hayo yalidumu zaidi ya miaka 20.

Sababu ya washindani kufikia hatua hiyo inapatikana katika historia ya muziki wenyewe. Muziki wa Kikristo wa kisasa, yaani ujumbe wa imani uliovikwa gitaa la umeme na midundo ya siku hizi, ulichipuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale vijana wa kizazi cha mahipi walipoanza kuokoka na kuingia makanisani na ala zao. Albamu ya Larry Norman iitwayo Upon This Rock, iliyotolewa na Capitol mwaka 1969, hutajwa mara nyingi miongoni mwa zile za mwanzo. Hata hivyo, biashara ilikaa zaidi katika mikono ya kampuni za kidini. Word ilikuwa imeanzishwa huko Waco, Texas, mwaka 1951. Sparrow ilianzishwa mwaka 1976 na Billy Ray Hearn, aliyewahi kuifanyia kazi Word.

Kampuni hizo ziliuza muziki wao kupitia maduka ya vitabu vya Kikristo. Hapo ndipo palipokuwa na nguvu yake, na hapo hapo ndipo palipokuwa na kikomo chake. Katika duka la namna hiyo santuri na kaseti hukaa pamoja na Biblia, vitabu vya masomo ya Jumapili na kadi za ubatizo. Mwenye duka huwajua wateja wake, na mteja huingia akijua anachokitafuta. Lakini mtu ambaye hana sababu ya kununua Biblia hana sababu ya kuvuka mlango ule, na kwa hiyo muziki uliotungwa kwa nia ya kumfikia yeye haukumfikia. Kwa miaka mingi soko hilo lilikua kama mji wenye ukuta: lenye wakazi wengi na utajiri wake, lakini wapita njia hawakuliona.

Mwaka 1991 ukuta ulipata ufa. Amy Grant, ambaye tangu ujana wake alikuwa akiimbia Word, alifika nafasi ya kwanza katika chati kuu ya nyimbo ya jarida la Billboard kwa wimbo wake Baby Baby. Katika mwaka huohuo Michael W. Smith aliingia katika nyimbo kumi bora za chati hiyo kwa Place in This World. Makanisani baadhi ya watu walishangilia na wengine walinuna, kwa kuwa wimbo wa Grant haukumtaja Mungu. Swali lililozuka wakati huo halijaondoka hadi leo: je, mwimbaji akiufikia umati kwa kulainisha maneno, ameufikisha ujumbe au amejifikisha mwenyewe?

Mabadiliko mengine yalikuwa ya kimya, nayo yalihusu hesabu. Hadi mwaka 1991 Billboard ilitegemea taarifa za wenye maduka kuhusu kilichokuwa kikinunuliwa. Mwaka huo ilianza kutumia mfumo wa SoundScan, ambao husoma mistari ya bei kwenye mashine ya malipo na kuhesabu kila nakala inayouzwa. Mwaka 1995 mauzo ya maduka ya Kikristo yalianza kuingizwa katika hesabu hiyo. Ghafla albamu ambazo wafanyabiashara wa jumla walikuwa hawazifahamu zikaonekana katika chati moja na wasanii wakubwa wa rock na rap. Mnunuzi wa bidhaa katika duka kubwa la mtaani, ambaye hakuwa na haja na theolojia, sasa alikuwa na tarakimu mkononi.

WOW ilizaliwa katika mwaka huo huo. Mfano wake ulitoka Uingereza, ambako tangu Novemba 1983 kampuni za Virgin na EMI zilikuwa zikishirikiana kutoa mfululizo uitwao Now That's What I Call Music!, mkusanyiko wa nyimbo zilizotamba, kutoka kwa kampuni zaidi ya moja. EMI ilikuwa pia na hisa katika muziki wa Kikristo wa Marekani baada ya kuinunua Sparrow mwaka 1992, kwa hiyo wazo halikuwa na safari ndefu. Inafaa kukumbuka kwamba mfululizo wa Now wenyewe ulianza kutolewa Marekani mwaka 1998. Katika jambo hili la kibiashara, watu wa kanisani waliwatangulia wa duniani kwa miaka mitatu.

Unafuu wa bei una maelezo yake. Gharama kubwa ya albamu ni studio, watayarishaji, wanamuziki na fedha za kuutangaza wimbo redioni. Kwa nyimbo zilizokusanywa, gharama hizo zimekwisha kulipwa. Kinachobaki ni kubonyeza diski, kuchapa jalada, kusafirisha na kulipa mirabaha. Mwaka 1996 kiwango cha kisheria cha mrabaha wa mtunzi na mchapishaji wake nchini Marekani kilikuwa senti 6.95 kwa wimbo wa kawaida katika kila nakala. Nyimbo 30 zinafanya takriban dola 2 na senti 8 kwa kasha moja, na ni desturi ya biashara ya mikusanyiko kuomba punguzo, aghalabu robo tatu ya kiwango hicho. Mwimbaji asiyetunga wimbo wake hapati kitu katika fungu hilo. Yeye hutegemea mkataba wake na kampuni yake. Kwa msanii mmojamoja, basi, fedha zilikuwa ndogo. Alichokuwa akikitarajia ni kwamba mtu aliyemsikia kwa dakika nne angerudi dukani kutafuta albamu yake nzima.

Mauzo yalikuwa mazuri tangu mwanzo, na matoleo ya mfululizo huu yalipata vyeti vya platinamu, alama ya nakala milioni moja. Hapa msomaji anastahili tahadhari. Chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, kinachotoa vyeti hivyo, huhesabu kila diski peke yake iwapo albamu ya diski nyingi inazidi dakika 100. Nyimbo 30 za takriban dakika nne kila moja ni saa mbili. Platinamu ya albamu ya namna hiyo inaweza kupatikana kwa makasha nusu milioni. Bado ni idadi kubwa kwa muziki uliokuwa ukiuzwa kando ya kadi za ubatizo, ila si ile inayodhaniwa kwa haraka.

Katika matoleo ya miaka ya mwanzo majina ya Steven Curtis Chapman, Michael W. Smith, Newsboys na Point of Grace yalirudi mara kwa mara. Kwa msikilizaji mgeni orodha hiyo ndiyo ilikuwa "muziki wa Kikristo". Hakuwa na kipimo kingine. Kampuni zilizochagua nyimbo ndizo zilizozimiliki, na msanii aliyekuwa nje ya kampuni hizo na washirika wake alikuwa na mlango mwembamba wa kuingilia. Hilo si kosa la pekee la WOW, maana kila mkusanyiko huficha zaidi ya unavyoonyesha, lakini uzito wake huongezeka pale mkusanyiko unapokuwa ndio albamu pekee ya aina hiyo nyumbani mwa mtu.

Jambo moja lililofichwa linawahusu hasa wasikilizaji wa Kiswahili. Katika Afrika ya Mashariki na Kongo tunasema "nyimbo za injili" kwa kila muziki wa Kikristo, uwe wa kwaya ya Kilutheri, wa mwimbaji wa Kipentekoste au wa bendi ya vijana. Nchini Marekani neno hilo lina mipaka. Gospel ni muziki uliokua katika makanisa ya Wamarekani weusi, na Thomas Dorsey wa Chicago huitwa baba yake kutokana na kazi yake tangu miaka ya 1930. Muziki wa Kikristo wa kisasa, kwa upande wake, ulikuwa na waimbaji na wasikilizaji ambao wengi wao ni weupe. Imani ni moja na Biblia ni moja, lakini vituo vya redio vilikuwa mbalimbali, na chati nazo vilevile. WOW haikuubomoa mgawanyiko huo. Mwaka 1998 ulianzishwa mfululizo wa pili, WOW Gospel, wenye nyimbo 30 zake. Wakati huo Kirk Franklin alikuwa amekwisha kuthibitisha, kwa wimbo wa Stomp wa mwaka 1997, kwamba gospel inaweza kuchezwa katika redio za vijana wasiokanyaga kanisani. Mfululizo huo mpya uliwapa waimbaji weusi jukwaa kubwa kuliko walilokuwa nalo katika lile la kwanza. Pia uliuthibitisha mpaka kwa kuuwekea jalada lake.

Mwaka 1999 ulifuata WOW Worship, wa nyimbo za kusifu na kuabudu, safari hii kukiwa na Integrity, Maranatha! na Vineyard. Nyimbo za tawi hili ndizo zilizosafiri mbali zaidi. Shout to the Lord, uliotungwa na Darlene Zschech wa Australia mwaka 1993, unafahamika katika makanisa mengi ya mijini, Kampala na Nairobi yakiwemo, na wengi wanaouimba hawajawahi kuliona kasha lolote la WOW. Wimbo wa ibada hauhitaji diski ili uvuke mpaka. Huhitaji mtu mmoja anayeukumbuka na mwingine mwenye kinanda.

Upinzani haukukosekana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanamuziki Steve Camp alitoa waraka wa hoja 107 akiutaka muziki wa Kikristo utubu, na hasa ujiondoe katika umiliki wa kampuni zisizo za kidini. Tarehe aliyoichagua, 31 Oktoba, ni ile ambayo Martin Luther anakumbukwa kwa hoja zake 95. Mwaka 1998 chama cha muziki wa injili cha Marekani, kinachotoa tuzo za Dove, kiliweka masharti ya maneno ili kuamua wimbo upi uhesabiwe kuwa wa injili. Mzozo ulikuwa na msingi. Word ilihamia kwa Warner mwaka 2002. Katika mwaka huohuo BMG iliinunua kampuni iliyoimiliki Provident, ambayo baadaye iliishia kwa Sony. Na mwaka 2012 Universal iliinunua EMI. Washirika wote watatu wa WOW wakawa vidole vya mikono mikubwa ya muziki wa dunia.

Je, WOW iliwafikia wasikilizaji wa kawaida? Nyimbo za Kikristo zilizovuma redioni katika miaka hiyo zilipita njia zake zenyewe. Flood wa Jars of Clay ulichezwa na vituo vya rock mwaka 1996, na Kiss Me wa Sixpence None the Richer ulifika nafasi ya pili katika chati kuu mwaka 1999. Hakuna mkusanyiko uliozipeleka huko. Kilichofanywa na WOW ni kidogo zaidi, na pengine cha kudumu zaidi: kiliuweka muziki huu katika rafu ambayo watu hununulia sabuni na viatu vya watoto. Aliyenufaika zaidi huenda hakuwa asiyeamini. Huenda alikuwa muumini wa mji mdogo usio na duka la vitabu vya dini, mzazi asiyejua aanzie wapi kumnunulia mwanawe, au kijana mwenye fedha ya albamu moja kwa msimu mzima.

Matoleo ya kila mwaka yalikoma mwishoni mwa miaka ya 2010, wakati diski zilipokuwa zikitoweka madukani. Orodha za nyimbo 30 bora bado zipo, na katika simu hupatikana bila kulipia kasha. Huandaliwa na wahariri na programu za kampuni za mitandao ya muziki, na hubadilishwa kila wiki.