Skrini ya Pili Inamtazama Nani?

Leo naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa haraka haraka huonekana dogo, la mafundi tu: kompyuta moja ya mezani kuunganishwa na skrini mbili au zaidi.

Nilikuwa Namasakata, mkoani Ruvuma, katika mkutano mmoja wa wakulima wa korosho. Karani alikaa mezani na kompyuta yake. Ukutani, mbele ya wakulima, iliwekwa runinga kubwa iliyounganishwa kwa waya na kompyuta ile ile, ili kila mtu aone kilo zake, makato na malipo yake. Runinga ikawaka. Lakini badala ya hesabu, ikaonyesha picha ya mlima na anga la buluu, basi. Karani akaanza kusoma takwimu kutoka kwenye skrini yake, na sisi tukawa tunatazama mlima.

Mzee mmoja akasimama, akasema kwa upole, "Mwanangu, hizo hesabu unazisoma wapi? Maana sisi huku tunaona mlima." Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Minong'ono ikaanza. Mwingine akasema wazi kwamba kuna kitu kinafichwa.

Ndugu msikilizaji, ili tuelewe kilichotokea siku ile, hapana budi turudi nyuma kidogo.

Serikali yetu ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mashine za wakati ule zililishwa kadi zilizotobolewa, na majibu yalitoka kwenye karatasi. Mwananchi wa kawaida hakuwa na cha kutazama. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Zanzibar walikuwa tayari na televisheni yao tangu 1973, lakini huku Bara tulikaa bila kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa miaka hiyo yote chombo chetu kilikuwa redio. Wengi wenu mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi na kujadiliana. Redio ilikuwa moja, lakini kila aliyekuwapo alisikia neno lile lile, kwa wakati ule ule.

Wakati sisi tukisikiliza redio, wenzetu wa nchi za viwanda walikuwa wakiongeza skrini. Kompyuta ndogo ya IBM ya mwaka 1981 iliweza kupachikwa kadi mbili za picha: moja ya maandishi ya rangi moja, nyingine ya michoro ya rangi. Kwa kuwa kila kadi ilikuwa na sehemu yake katika kumbukumbu ya mashine, zote mbili ziliweza kufanya kazi pamoja. Programu ya mahesabu ya Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, iliitumia nafasi hiyo: tarakimu zilikaa kwenye skrini moja, na mchoro wake kwenye skrini ya pili. Mwaka 1987 ikaja Macintosh II, ambayo ilimwezesha mtu kuvuka na kishale kutoka skrini moja hadi nyingine, kama mtu anayetoka chumba kimoja kuingia kingine. Mwaka 1998 Windows 98 ikaruhusu hadi skrini tisa kwa kompyuta moja.

Angalieni mwelekeo wa historia hiyo. Skrini ziliongezwa kwa ajili ya mtu mmoja, yule aliyekaa mezani. Mhasibu, mchoraji wa ramani na mfanyabiashara wa hisa walitaka meza pana zaidi. Kila skrini ikapewa kazi yake, na zote zikamtazama yeye. Mpango huo ndio unaoitwa kupanua. Upo mpango wa pili, unaoitwa kurudufu, ambao picha ile ile hutokea kwenye skrini zote. Waya ni ule ule, tundu ni lile lile. Tofauti ni amri inayotolewa kwenye kompyuta.

Sasa turudi Namasakata. Karani wetu hakuwa mwizi. Kompyuta yake ilikuwa kwenye mpango wa kupanua. Runinga ya wakulima ilihesabiwa kuwa kipande kingine cha meza yake, kipande kitupu, chenye picha ya mlima tu. Nilimwomba ashike kitufe cha Windows na herufi P kwa pamoja, kisha achague kurudufu. Runinga ikazimika kidogo, ikawaka tena, na hesabu zikatokea mbele ya watu wote. Yule mzee akasogea, akavaa miwani, akatafuta jina lake. Alipoliona, akakaa. Minong'ono ikaisha.

Jambo lile limenikaa moyoni, kwa sababu wakati wake ndio huu. Tangu mwaka 2007 korosho zetu zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani, na mkulima alizoea kuona zabuni za karatasi zikifunguliwa mbele yake. Katika msimu wa 2024/25 minada ikahamia kwenye mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mimi siulaumu mfumo huo. Mnunuzi aliye mbali sasa anaweza kushindania mzigo wa Tunduru bila kufunga safari. Lakini karatasi ilionekana na kila mtu, na kompyuta huonekana na aliyeikalia, mpaka igeuzwe. Kwa hiyo skrini ya pili, ile inayowatazama wakulima, isihesabiwe kuwa pambo la mkutano. Imechukua nafasi ya karatasi iliyokuwa ikiinuliwa juu ili watu waone.

Rai yangu ni fupi. Viongozi wa vyama, kabla wanachama hawajaketi, washeni runinga na mhakikishe inaonyesha kile anachokiona karani. Ikigoma, simamisheni mkutano mpaka itengemae. Nanyi wakulima, mkioneshwa mlima, msinong'one. Simameni mseme, kama alivyofanya mzee wa Namasakata.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.