Parseli za Uvira na Ziwa Linalorudi

Uvira, mashariki mwa Kongo (DRC), ni mji mwembamba. Mgongoni umeegemea milima ya Mitumba, miguuni unaloweshwa na Ziwa Tanganyika, na watu wamebanana katikati. Ndiyo maana parseli, yaani viwanja, zilizo tambarare karibu na maji hugombewa. Lakini ufuo huo haujakaa mahali pamoja tangu enzi za mababu.

Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipofika kwa mitumbwi kutoka Ujiji, ng'ambo ya ziwa, Aprili 1858, Uvira ilikuwa kituo cha mwisho cha kaskazini kwa wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Mlango wa kutokea maji ya ziwa, mto Lukuga, ulikuwa umeziba kwa matope na mimea, na maji yakawa yanajaa. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kilivunjika. Maji yalikimbilia Mto Kongo, na kabla ya karne kwisha ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 10. Kule Ujiji, mahali mwanahabari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871 palikuwa jirani na maji. Leo pako mbali na ufuo.

Ziwa likaacha nyuma ardhi tambarare, na watu wakashuka kujenga. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zililipandisha tena hadi kilele cha 1964. Kisha likatulia kwa miaka mingi, na kizazi kilichofuata kikasahau.

Sheria nayo ilibadilika. Tangu Julai 1973 ardhi yote ya nchi ni mali ya Serikali: mwananchi anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha usajili. Nyumba inaweza kuwa yako. Udongo ulio chini yake si wako. Wengi, hata hivyo, hununua kwa karatasi ya mauzo yenye saini za mashahidi, wakaanza kufyatua matofali kesho yake. Karatasi hiyo inataja jina la muuzaji na bei. Haisemi maji yaliwahi kufika wapi.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulishuka kutoka milimani na kupita katikati ya mji. Watu zaidi ya 40 walifariki na maelfu ya nyumba yalibomoka. Mwaka 2024 ikawa zamu ya ziwa: maji yalipanda hadi kwenye nyumba za ufuoni na eneo la bandari ya Kalundu, na ng'ambo ya mpaka yakaifunika mitaa ya Gatumba, Burundi. Familia zilihama zikibeba mabati na milango.

Wapo wazee wa Uvira wanaokumbuka maji ya 1964 yalikoishia. Ofisi ya ardhi iwaite, iweke alama hizo kwenye ramani zake, na ikatae kutoa cheti chini ya mstari huo. Nawe unayetafuta parseli, kabla ya kuhesabu pesa, mtafute mzee wa mtaa akuonyeshe maji yalikofika.