Kiwanja cha Chang'ombe na Mizani ya Starehe

Ndugu msomaji, ukitoka katikati ya mji wa Dar es Salaam ukashika barabara ya Pugu, ambayo siku hizi yaitwa barabara ya Nyerere, kisha ukakata kushoto kuelekea Chang'ombe, utafika penye viwanja viwili vikubwa vilivyokaa jirani. Cha zamani ni Uwanja wa Uhuru. Cha pili, chenye viti 60,000, kilifunguliwa mwaka 2007, na tangu mwaka 2020 kinaitwa kwa jina la Rais Benjamin Mkapa. Watu wengi wakivitaja viwanja hivi hukumbuka mpira tu. Lakini mwenye kuangalia kwa mazingatio ataona kuwa historia ya starehe za mji wetu imepita hapo na mitaa ya jirani, na ndani yake mna mafunzo kwa kila nyumba ya Kiislamu.

Kabla ya viwanja na viwanda, upande huu wa Temeke ulikuwa nchi ya Wazaramo. Hao walikuwa na ngoma zao za jando, za unyago na za kumtoa mwali. Mpaka leo mtu wa Temeke akisikia mdundiko unapita njiani huwaita wanawe ndani, kwani ngoma hiyo huenda kwa mwendo mtaa kwa mtaa, na watoto huifuata mpaka wakapotea wasijue njia ya kurudi. Baadaye ikaja beni kutoka upwani wa Kenya, na watu wa Dar es Salaam wakagawanyika Marini na Arinoti, kila upande una vyeo vyake, mavazi yake na karamu zake. Mashindano yakazidi kiasi, watu wakatapanya mali ili wasishindwe na wenzao kwa fahari.

Je, dini yetu inakataza kila furaha? La, hasha! Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.), naye akamsitiri Bibi Aisha atazame mpaka alipotosheka mwenyewe. Na Sayyidna Abu Bakr alipowakemea wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Mtume, Mtume alimwambia awaache, kwani zile zilikuwa siku za Idi. Basi asiyejua haya atawafanyia watu dini kuwa nzito. Lakini ajuaye haya akayafanya ngao ya kila upuuzi, huyo naye amedhulumu hadithi.

Itazame taarabu. Ililetwa Unguja kutoka Misri zama za Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 mpaka 1888. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Kisha akatokea Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 na sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri kwa lugha yetu ya Kiswahili. Huyu hakuimba mapenzi peke yake. Aliwahi kuimba kisa cha mtu aliyemuua mwanamke mgeni kisha akatorokea bara, huku waliopewa adhabu wakiwa ni mashahidi. Wimbo ule ulikuwa wa kulaani dhuluma, na katika dhuluma ile ulevi nao ulikuwa na sehemu yake. Hapa Dar es Salaam nako vyama vya Egyptian na Al-Watan vilishindana miaka mingi, na watu walikwenda kuvisikiliza wakiwa wamevaa kwa heshima.

Baada ya Uhuru serikali iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, ili ngoma zetu zilizodharauliwa na wakoloni zipate kuinuliwa. Jambo hilo lilikuwa jema. Bendi ya NUTA Jazz ilianza mwaka 1964, na Mlimani Park ikazaliwa mwaka 1978. Sikiliza ajabu hii: bendi hizo zikajulikana kwa majina ya Msondo na Sikinde, ambayo asili yake ni majina ya ngoma za wazee wetu wa pwani. Ngoma iliyokuwa ya kumfunza kijana adabu ya utu uzima ikabaki jina, na mahali pake pakawa ukumbi wa usiku wenye tembo. Wazee waliokuwa wakimkalisha mwali wamfunze, hawamo tena ukumbini.

Kadhalika taarabu. Mwanzo wa miaka ya 1990 vikundi vya Muungano na TOT vilipambana hapa Dar es Salaam, na katika mapambano hayo mipasho ikapata nguvu. Zamani fumbo lilifichwa hata mtu akacheka bila kujua ni yeye aliyesemwa. Mpasho ukatoka wazi, wenye kushangilia wakainuka na noti mkononi kumtunza mwimbaji, huku wakimwelekezea jirani kidole. Mangapi yameharibika namna hii? Wifi na wifi hawasemezani, na arusi iliyokusudiwa kuunganisha koo mbili ikaacha chuki.

Sasa turudi kiwanjani. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ilishushwa hapo, ya Tanganyika ikapandishwa, na watu wakashangilia. Mwezi wa Oktoba 1999 watu walifika hapo hapo kumuaga Mwalimu Nyerere. Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2019 uwanja mpya ulijaa watu waliokuja kusikiliza vijana wa Afrika wakishindana kusoma Kurani Tukufu, na Rais John Magufuli alikuwapo. Haukupita muda wa miaka miwili kamili, ila mwezi Machi 2021, jeneza lake likawekwa katika uwanja wa jirani. Watu wakasongamana kwenda kumuaga, wakakanyagana, na polisi wakatangaza kuwa waliokufa ni 45, wakiwamo watu watano wa familia moja. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Hawakufa katika ulevi wala ugomvi. Walikuja kwa mapenzi na huzuni, lakini mkusanyiko ukikosa utaratibu, hata jambo jema huua.

Ndugu msomaji, ardhi ni ile ile. Haikutukuka kwa saruji yake wala haikuchafuka kwa udongo wake. Hutukuka au huchafuka kwa tunayoyapeleka. Basi kabla hujatoa ruhusa kwa wanao, au hujaalika watu arusini kwako, pima mambo matatu.

Kwanza, ulimi. Katika Sura ya Hujurat tumekatazwa kudharauliana, na wanawake wametajwa peke yao baada ya kutajwa wanaume. Wimbo wa kumwaibisha mtu hauwi halali kwa kuwa una vina vizuri.

Pili, wakati. Sura ya Juma inasimulia watu walioona biashara na pumbao wakamkimbilia, wakamwacha Mtume amesimama. Ikiwa adhana ya alfajiri inaukuta muziki wako bado unalia, nasi tumefanya kama wao.

Tatu, roho. Mwenye kuokoa nafsi moja ni kama aliyeokoa watu wote. Mwenye kuandaa maulidi, mashindano ya Kurani au arusi, na ahesabu milango kabla ya kuhesabu wageni. Na mzazi asimpeleke mtoto mdogo penye msongamano.

Wala tusikataze tu. Kijana aliyefungiwa kila mlango atapita dirishani. Tuwape wanetu dufu na kasida, mashairi, michezo na safari, nasi tukae nao. Kwani mtoto hakupotea kwa sababu mdundiko ulilia. Alipotea kwa sababu hapana mkubwa aliyemshika mkono.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na azijaalie furaha zetu ziwe zenye radhi Zake. Amin.