Kaburi la Baden-Powell Liko Nyeri. La Kimathi Liko Wapi?

Wasee, leo tuongee makaburi. Nivumilieni kidogo.

Ukifika Nyeri mjini, uliza kaburi la Baden-Powell, utaonyeshwa. Huyu mzungu aliyeanzisha Skauti alifariki Januari 1941, akazikwa pale kwenye makaburi ya kanisa la St Peter's. Mkewe, Olave, alikufa Uingereza 1977. Majivu yake yakaletwa mpaka Nyeri, yakazikwa pamoja na mumewe. Ilichukua miaka 36, lakini mama alilala na mzee wake.

Sasa mchukue Dedan Kimathi, kijana wa Tetu, Nyeri hiyo hiyo. Alikamatwa Oktoba 1956, kesi ikasikizwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Walimzika huko gerezani, kaburi halina alama, familia haikupewa mwili. Mjane wake, Mukami, aliomba mifupa miaka nenda miaka rudi. Mwaka wa 2007 Kimathi akawekewa sanamu Nairobi. Leo hata chuo kikuu Nyeri kina jina lake. Mifupa? Zii. Mei 2023 Mukami akaaga, akazikwa Njabini peke yake.

Najua kuna msee ataniambia, "Lakini Wakikuyu wa zamani hawakuwa wanazika." Ni kweli. Watu wengi waliachwa porini, fisi wakamaliza. Wazee wenye mali na watoto ndio walizikwa. Maiti iliogopwa sana, na aliyeigusa alihitaji kutakaswa. Ni wamishonari na serikali ya mkoloni waliosukuma watu wazike.

Hapo ndipo stori hii inaniuma. Serikali iliyotwambia kila mtu azikwe ndiyo hiyo hiyo iliyokataa kutupa miili. Na si ya Kimathi pekee. Enzi za Emajensi, 1952 hadi 1960, zaidi ya watu 1,000 walinyongwa.

Kwetu matanga huwa na mwisho. Watu wanakuja jioni, wanachanga, wanaomba, mnazika, kila mtu anarudi shambani. Bila mwili, unamaliza aje? Mukami hakumaliza. Alitumia uzee wake kudai mifupa ya mumewe, na pia kuwadai haki na mashamba wapiganaji wenzake wa Mau Mau, ambao chama chao kilikuwa haramu kisheria mpaka 2003. Watu wanasema huzuni hupoa na wakati. Ya huyu mama ilikaa miaka 66, ikawa kazi yake.

Kwa hivyo mkiona familia za huku mlimani bado zinauliza mifupa iko wapi, msiseme wanachimba mambo ya kale. Wanataka tu kumaliza matanga.

Na kama bado uko na cucu ama guka, muulize wikendi hii: kwetu kuna nani hakurudishwa nyumbani? Andika hilo jina, hata kama ni kwa simu. Huenda hakuna pahali pengine limeandikwa.